Boris wa Tokyo: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Haya ni maswali yale yale yanayorudi kila msikilizaji mpya anapokutana na bendi hii, hasa akishaiona orodha ya albamu zake na kukosa pa kuingilia. Tumeanza na mambo ya msingi, kisha tukaenda hadi yale yanayowachanganya hata mashabiki wa siku nyingi. Jambo likiwa limekwisha kuelezwa mahali pengine, utaelekezwa swali la kusoma.

## Mambo ya msingi

Boris ni mtu au ni bendi?

Ni bendi ya watu watatu kutoka Tokyo: Takeshi, Wata na Atsuo. Hakuna anayeitwa Boris kati yao. Bendi ilianza 1992 na watatu hao bado wako pamoja. Bendi za roki huvunjika kwa ugomvi wa pesa, kwa uchovu wa safari, au kwa sababu mmoja ameanza kujiona mkubwa kuliko wenzake. Hawa wamepita miaka 30 wakiwa wale wale, na huko nyumbani kwao hawakuwahi kuwa nyota wa televisheni wala wa matangazo ya biashara.

Jina hilo wamelitoa wapi?

Ni jina la wimbo unaofungua albamu ya *Bullhead* (1991) ya Melvins, bendi ya Marekani kutoka jimbo la Washington. Ni wimbo mzito, wa polepole, gitaa linajikokota kwa zaidi ya dakika nane bila haraka yoyote. Vijana wa Tokyo waliusikia wakaona hapo ndipo pa kuanzia.

Mwaka 2023 bendi hizo mbili zilizunguka Marekani kwa ziara moja. Melvins walipiga *Bullhead* yote, na Boris wakapiga albamu yao ya *Heavy Rocks* ya 2002. Yaani waliochukua jina walipanda jukwaa moja na wenye jina, na wimbo wenyewe ukapigwa. Katika habari zote za bendi hii, hiyo ndiyo ninayopenda kuisimulia kuliko nyingine.

Wanapiga muziki wa aina gani?

Hapa ndipo watu wengi hukwama. Shina lao ni roki nzito: magitaa yenye mkwaruzo, nyuzi zilizolegezwa ili sauti ishuke chini, dramu za nguvu. Lakini kutoka kwenye shina hilo wametoa matawi ya kila upande. Wana albamu za mvumo mtupu, sauti moja nzito inayoshikiliwa kwa muda mrefu huku ikibadilika kidogo kidogo. Wana albamu za panki ya kasi. Wana nyimbo laini ambazo sauti ya kuimba imezama ndani ya magitaa kama mtu anayeonekana kwa mbali kwenye ukungu. Wana hata nyimbo za kuchezeka zenye vinanda vya umeme.

Kwa hiyo watu wawili wakibishana kuhusu Boris, mmoja akisema ni bendi ya kelele na mwenzake akisema ni bendi ya nyimbo tamu, wote wawili wanaweza kuwa sahihi. Inategemea kila mmoja ameshika albamu ipi.

Nani anapiga nini, na nani anaimba?

Wata ni mpiga gitaa la solo, na pia hupiga kinanda. Takeshi anashika gitaa la besi na gitaa la kawaida kwa pamoja, kwa maana ala yake ina shingo mbili (tazama swali la vyombo hapo chini). Atsuo ni mpiga dramu, na tangu miaka ya karibuni amekuwa pia akisimama mbele na kipaza sauti.

Kuimba ni kwa wote watatu. Takeshi ndiye anayesikika zaidi katika albamu za roki. Wata anaimba nyimbo zote katika *Attention Please* (2011), na ndiye sauti inayotawala *W* (2022). Atsuo hupiga ukelele zaidi ya kuimba, na anaujua ukelele. Mashairi mengi ni ya Kijapani.

Wata ndiye kiongozi wa bendi?

Swali hili linakuja kwa sababu picha zake ndizo zinazosambaa zaidi: mwanamke mwembamba, mtulivu, amesimama mbele ya ukuta wa amplifaya. Jukwaani hutikisika kidogo sana. Vidole vinatembea, uso hauonyeshi kitu, na sauti inayotoka inatetemesha mbavu. Nyuma yake Atsuo anasimama juu ya dramu zake, ananyanyua mikono, anawaamsha watu. Ukitazama video zao utaona kazi ya kuongea na watazamaji ni ya Atsuo, wakati uzito wa gitaa ni wa Wata. Kumwita mmoja wao kiongozi ni kuwapunja wengine wawili.

## Safari ya bendi

Walianzaje?

Walikutana wakiwa wanafunzi wa sanaa, na hilo linaonekana katika kila kitu walichofanya baadaye. Majalada, maandishi, hata namna santuri inavyopangwa ndani ya kasha lake, yote huchukuliwa kuwa sehemu ya kazi. Mwanzoni walikuwa wanne. Atsuo alikuwa mwimbaji, na dramu zilipigwa na Nagata. Mwaka 1996 Nagata alitoka. Badala ya kutafuta mtu mwingine, Atsuo alikaa nyuma ya dramu mwenyewe.

Uamuzi huo ulioonekana mdogo ndio uliowatengeneza. Bendi ya watatu isiyo na mwimbaji maalumu haina budi kujaza nafasi kwa njia nyingine. Wao waliijaza kwa sauti kubwa, kwa nyimbo ndefu, na kwa kugawana kuimba.

Ni kweli albamu yao ya kwanza ina wimbo mmoja tu?

Ni kweli. *Absolutego* ya 1996 ni wimbo mmoja wa takriban saa nzima, na waliitoa kupitia lebo (kampuni ya kutoa muziki) yao wenyewe. Katika toleo la 2001 la Southern Lord, lebo ya Marekani, wimbo huo una dakika 65. Inaanza kwa mvumo wa chini sana, kiasi kwamba kwenye spika za simu unaweza kudhani haijaanza. Kampuni gani kubwa ingemruhusu kijana asiyejulikana aanze na kazi ya namna hiyo? Waliiweza kwa sababu hawakuwa na wa kumwomba ruhusa.

Kwa bendi ya Japani, kujitegemea kuna maana gani?

Kwanza fahamu mazingira. Kumbi ndogo za muziki za Tokyo, zile za chini ya ardhi unazoshukia kwa ngazi nyembamba huko Koenji, Shimokitazawa au Shinjuku, mara nyingi huipangia bendi changa idadi ya tiketi za kuuza. Zisipouzika zote, bendi inalipa pengo kutoka mfukoni. Maana yake ni kwamba kijana anayefanya kazi ya mchana kwenye duka anaweza kupiga muziki usiku na kurudi nyumbani akiwa amelipa badala ya kulipwa. Ndivyo maelfu ya bendi zinavyoanza, na ndivyo nyingi zinavyokufa.

Njia ya kawaida ya kutoka hapo ni kusajiliwa na kampuni kubwa, ambayo itakupa nafasi kwenye televisheni na kuchagua singo zako. Boris walipita kwingine. Waliunda lebo yao, wakachora majalada yao, wakasimamia kurekodi kwao. Kila kazi waliipeleka kwa lebo inayoielewa kazi hiyo. Diwphalanx ilitoa albamu zao kadhaa Japani. Southern Lord ilizitoa Marekani, baadaye ikaja Sargent House, kisha Third Man Records, Relapse na Sacred Bones. Ukiisoma orodha hiyo haraka utadhani bendi haitulii. Mimi naona kinyume chake: wenyeji wanabadilika, kazi inabaki mikononi mwa watatu wale wale.

Walijulikanaje nje ya Japani?

Mlango ulikuwa Southern Lord, lebo ya Los Angeles iliyoanzishwa na Greg Anderson na Stephen O'Malley. Hao ndio hao hao wanaounda Sunn O))), bendi ya mvumo mzito, kwa hiyo *Absolutego* haikuwatisha. Walianza kwa kutoa upya kazi za zamani za Boris kwa wasikilizaji wa Marekani.

Kisha ikaja *Pink*. Ilitoka Japani mwishoni mwa 2005 na Marekani 2006. Inafunguliwa na wimbo wa polepole, mpana, wenye majonzi, unaoitwa "Farewell" kwa Kiingereza. Unaisha, na kabla hujakaa sawa wimbo wenye jina la albamu unalipuka kwa kasi ya panki. Wakosoaji wa muziki wa Marekani ambao kwa kawaida hawagusi roki nzito waliisifu na kuiweka kwenye orodha zao za mwisho wa mwaka. Mwaka 2008 Boris walifungua baadhi ya maonyesho ya ziara ya Nine Inch Nails, bendi ya roki ya Marekani, kwenye kumbi kubwa. Tangu hapo Marekani na Ulaya zimekuwa njia yao ya kila mara.

Heavy Rocks ziko ngapi? Naona jina hilo mara tatu.

Ziko tatu, na ni albamu tofauti kabisa: ya 2002 yenye jalada la rangi ya chungwa, ya 2011 yenye jalada la zambarau, na ya 2022 iliyotolewa na Relapse. Hakuna namba wala jina la ziada la kuzitofautisha. Takriban kila miaka kumi bendi inarudi kwenye swali lile lile, kwamba roki nzito kwao ni nini sasa, na inajibu kwa albamu nzima.

Ya 2002 ndiyo yenye harufu ya miaka ya 1970: magitaa manene, nyimbo fupi, kasi ya gari linaloteremka mlima. Ya 2011 imesafishwa zaidi na ina vipande virefu vya huzuni. Ya 2022 ina makeke na uchokozi. Ukiambiwa na mtu "sikiliza Heavy Rocks", muulize kwanza ya mwaka gani.

Mbona mwaka 2011 walitoa albamu tatu, tena zenye nyimbo zinazofanana?

*New Album* ilitoka Japani, na *Attention Please* na *Heavy Rocks* zikatoka Marekani kwa siku moja. Baadhi ya nyimbo zimo katika zaidi ya albamu moja, lakini zimevaa nguo tofauti. "Hope" na "Party Boy" zimo ndani ya *Attention Please* na ndani ya *New Album*. "Jackson Head" imo ndani ya *Heavy Rocks* na ndani ya *New Album*. Kwenye *New Album* zimetengenezwa kwa mng'aro wa pop ya Japani, vinanda vya umeme vikiwa mbele.

Wapo mashabiki waliokasirika. Waliona bendi imewaacha. Ukweli ni kwamba Boris walikuwa wanauliza swali la haki: wimbo mmoja unaweza kuishi maisha mangapi? Msanii wa kampuni kubwa angelazimishwa kuchagua toleo moja. Hawa hawakulazimishwa.

Kwa hiyo hawakuwahi kufanya kazi na kampuni kubwa kabisa?

Waliwahi. *New Album* ilitoka Japani kupitia Tearbridge, tawi la Avex, na Avex ni miongoni mwa wauzaji wakubwa wa pop nchini humo. *Noise* ya 2014 nayo ilipitia huko kwa soko la Japani. Anayetaka kuwa mkali atasema hapo hawakuwa bendi huru.

Lakini tazama walichokifanya. Katika kipindi hicho hicho waliendelea kutoa kazi nyingine kwa lebo ndogo, na Marekani walikuwa na Sargent House. Avex ilikuwa chombo kwa ajili ya albamu fulani na soko fulani. Mwenye kuamua nini kirekodiwe na kitoke kwa sura gani alibaki kuwa bendi. Kwangu mimi hicho ndicho kipimo cha uhuru wa bendi. Nembo iliyoko nyuma ya CD inakuja baadaye.

Ni kweli walitaka kuacha muziki?

Kabla ya *Dear* (2017) wazo hilo lilikuwepo. Bendi ilikuwa inatimiza miaka 25, na kazi hiyo ilianza kama kitu ambacho huenda kingekuwa barua ya kuagana na mashabiki. Walirekodi nyimbo nyingi kuliko zilizoingia kwenye albamu, na katika kurekodi huko nguvu ikawarudia. Jina likabaki, sura ya barua ikabaki, kuaga kukafutika. Miaka miwili baadaye walitoa *LφVE & EVφL*, kazi ya sehemu mbili, kupitia Third Man Records, lebo ya Jack White.

Walifanya nini wakati wa korona?

Bendi huru huishi kwa ziara, na 2020 ziara zote zilifungwa. Boris waliingia studio wakatoa *NO* mwezi wa Julai mwaka huo huo, wenyewe, kupitia Bandcamp (duka la muziki la mtandaoni), bila kusubiri lebo yoyote. Ni albamu ya hasira: ya kasi, ya panki ngumu, karibu haina pumzi. Ndani yake wamepiga upya wimbo wa Gudon, bendi ya panki ya Japani ya miaka ya 1980, na huko wakawakumbusha vijana kwamba panki ya Japani ina wazee wake.

Wimbo wa mwisho wa *NO* unaitwa "Interlude". Msikilizaji angejiuliza, kipande cha katikati kinawezaje kukaa mwisho? Jibu lilikuja Januari 2022, ilipotoka *W*, albamu laini inayoimbwa na Wata na iliyosimamiwa na suGar Yoshinaga wa bendi ya Buffalo Daughter. Weka majina ya albamu hizo mbili pamoja, upate *NOW*. Hasira kwanza, tiba baadaye. Nyakati zile watu walihitaji vyote viwili, na sijui bendi nyingine ya roki iliyovitoa kwa mpangilio mzuri namna hiyo.

Mwaka 2022 haukuishia hapo. *Heavy Rocks* ya tatu ilitoka Agosti, na *Fade*, yenye mivumo mirefu, ikatoka Desemba kwa mkono wao wenyewe.

Atsuo ameacha dramu?

Hajaacha. Katika ziara za tangu 2022 Mike Engstrom amekuwa akipiga dramu kwenye maonyesho mengi ili Atsuo awe huru kuimba mbele. Ukikumbuka swali la "Walianzaje?", utaona Atsuo amerudi alikokuwa kabla ya 1996.

## Kushirikiana na wengine

Merzbow ni nani, na mbona jina lake liko kila mahali?

Merzbow ni Masami Akita, msanii wa kelele kutoka Tokyo, mmoja wa wanaoheshimiwa zaidi duniani katika fani hiyo. Kelele kwake ni malighafi kamili, kama rangi kwa mchoraji. Boris wamefanya naye kazi mara nyingi: *Megatone* (2002), *Sun Baked Snow Cave* (2005), *Rock Dream* (2007) ambayo ilirekodiwa jukwaani, *Gensho* (2016) na *2R0I2P0* (2020).

Ukitaka moja tu, chukua *Rock Dream*. Ni Boris wanapiga nyimbo zao zinazojulikana, na juu yake Merzbow anamwaga kelele zake. Mara ya kwanza inachosha. Ukirudia, unaanza kusikia jinsi anavyowafuata, anapowaacha na anapowaongezea moto.

Wengine waliofanya nao kazi ni akina nani?

Wa kutajwa kwanza ni Keiji Haino, mzee wa muziki wa majaribio wa Tokyo. Walitoa naye albamu 1998, wakati wao bado wachanga. Kukubaliwa na Haino kulikuwa cheti tosha katika mji ule.

*Altar* (2006) ni kazi yao na Sunn O))). Mtu angetarajia mlima wa kelele, na kelele imo, lakini wimbo unaokaa moyoni ni "The Sinking Belle (Blue Sheep)", ambao Jesse Sykes anauimba karibu kwa kunong'ona. Kim Thayil wa Soundgarden naye yumo katika albamu hiyo.

*Rainbow* (2006) ni ya Boris na Michio Kurihara, mpiga gitaa wa bendi ya Ghost. Solo zake zinawaka. Kama una rafiki asiyependa kelele, hii ndiyo ya kumpa. Kurihara alisafiri nao jukwaani kwa muda baada ya hapo.

Wako pia Ian Astbury wa bendi ya The Cult, aliyetoa nao EP (santuri fupi) mwaka 2010 ambamo Wata anaimba "Rain", wimbo wa The Cult wenyewe, na Uniform wa New York, waliotoa nao *Bright New Disease* mwaka 2023.

Niliwasikia kwenye filamu. Ni ipi?

Yaelekea ni *The Limits of Control* (2009) ya Jim Jarmusch. Muziki wa Boris umetumika humo sehemu nyingi, ukiwemo ule waliofanya na wenzao. Filamu yenyewe inatembea polepole, na mvumo wao umeikaa vizuri.

## Vyombo na sauti

Gitaa la Takeshi lenye shingo mbili lina kazi gani?

Shingo moja ni besi, nyingine ni gitaa. Bendi ya watatu hukosa mtu wa kujaza pale Wata anapoingia kwenye solo, au pale wimbo unapotaka magitaa mawili na besi ikae kimya. Takeshi anahama kutoka shingo moja kwenda nyingine katikati ya wimbo. Shingo hizo hazina vichwa, zimekatwa mwishoni, na hilo hupunguza uzito begani.

Wata hupataje ule mkwaruzo wake?

Anapiga Les Paul nyeusi ya Gibson kupitia amplifaya za mirija, na siri kubwa iko kwenye pedali. Kwa miaka mingi alitumia pedali ya zamani ya Kijapani ya kampuni ya Elk, ambayo hutoa mkwaruzo mnene usiopoteza noti. Mwaka 2021 EarthQuaker Devices wa Marekani walitengeneza pedali kwa kuifuata ile yake na kuiita Hizumitas. Anatumia pia EBow, kifaa kidogo cha mkononi kinachotetemesha uzi kwa sumaku, hivyo noti inaendelea kulia bila kuchapwa tena. Ukisikia sauti ya gitaa inayonyooka kama filimbi na haikati, mara nyingi ni hicho.

Na kile kinachong'aa nyuma ya Atsuo?

Ni upatu mkubwa wa shaba. Kwenye nyimbo za polepole huwa anaunyanyulia fimbo, anasubiri, kisha anaupiga mara moja tu. Watazamaji humngoja.

Kwani lazima sauti iwe kubwa hivyo?

Kwa muziki wao, ndiyo. Mvumo wa chini ukiwa mdogo ni mlio tu. Ukiwa mkubwa unausikia kifuani, na fidibaki (ule mlio wa gitaa kuisikia spika yake lenyewe) inageuka kuwa noti inayoweza kuongozwa. *Amplifier Worship* (1998) na *Boris at Last -Feedbacker-* (2003) zimejengwa juu ya jambo hilo, na majina yao yanakiri. Hata hivyo masikio hayana vipuri. Ukienda onyesho lao, vaa vizibo vya masikio.

## Kusikiliza na kununua

Nianze na albamu ipi?

Anza na *Pink*. Ina kila kitu walicho nacho, kidogo kidogo, na imepangwa vizuri. Ikikupendeza sehemu za kasi, nenda *Heavy Rocks* ya 2002 na *Akuma no Uta* (2003). Ikikupendeza sehemu za polepole, nenda *Flood* (2000), kazi ya dakika 70 katika sehemu nne inayoanza na kipande kimoja cha gitaa kinachojirudia hadi kinaachana na kivuli chake. Ikikupendeza sauti ya Wata, *Attention Please* na *W*.

Usianze na *Absolutego*. Irudie baadaye, usiku, ukiwa na spika nzuri.

Akuma no Uta maana yake ni wimbo wa shetani. Je, huu ni muziki wa kishetani?

Hapana. Jina ni hilo kweli, lakini ni mchezo wa kawaida wa roki nzito kukopa maneno ya kutisha. Toleo la Southern Lord linaonyesha roho ya bendi vizuri: jalada lake linaiga jalada la *Bryter Layter* (1971) ya Nick Drake, Mwingereza aliyeimba nyimbo za upole kabisa na gitaa lake la mbao. Jina la kuzimu, picha ya kumheshimu mtu mpole. Watu hao ni wapenzi wa muziki wa kila aina, na majalada yao yamejaa salamu za namna hiyo.

Mbona toleo la Japani na la Marekani havifanani?

Sababu ya kwanza ni ya biashara. Japani, CD huuzwa kwa bei iliyopangwa na mtoaji, na sheria inaruhusu hivyo, kwa hiyo ya ndani huwa ghali kuliko ile ile iliyoagizwa kutoka nje. Ili mnunuzi asikimbilie ya nje, lebo za Japani kwa kawaida huongeza nyimbo.

Boris wanakwenda mbali zaidi ya hapo. *Smile* (2008) ni mfano mkubwa: toleo la Japani lilichanganywa na You Ishihara wa bendi ya White Heaven, lina mpangilio wake wa nyimbo na jalada lake, na la Southern Lord ni jingine. Ni kama albamu mbili. *Pink* nayo ina nyimbo ndefu zaidi kwenye santuri kuliko kwenye CD. Na toleo jipya la *Pink* la 2016 limeongezewa albamu nzima ya nyimbo zilizoachwa wakati ule. Kabla hujanunua, soma urefu wa kila wimbo.

Kuna tofauti kati ya BORIS kwa herufi kubwa na boris kwa herufi ndogo?

Ipo, hasa kwenye kazi za zamani. Herufi kubwa ilikuwa alama ya albamu za roki, herufi ndogo ya zile za majaribio na mivumo. Orodha za intaneti hazifuati utaratibu huo, basi tazama jalada lenyewe.

Dronevil ina diski mbili. Nasikiliza ipi kwanza?

Zote mbili kwa wakati mmoja. *Dronevil* (2005) ilitengenezwa hivyo: unaweka moja kwenye mashine hii na nyingine kwenye mashine ile, unaziwasha pamoja. Moja ni mvumo, nyingine ina nyimbo. *Gensho* nayo iko hivyo, upande mmoja Boris wakipiga nyimbo zao bila dramu na upande wa pili Merzbow. Kwa simu inawezekana: simu moja na spika hii, simu ya pili na spika ile, ziachanishe chumbani. Zisipoanza sekunde moja si tatizo, maana kuachana huko kunaleta kitu kipya kila mara.

Nipate wapi muziki wao kwa njia ambayo pesa inawafikia?

Ukurasa wao wa Bandcamp ndio wa karibu zaidi nao. *NO* na *Fade* walizitoa humo wenyewe, pamoja na rekodi nyingi za jukwaani. Ukishanunua unaweza kupakua faili na kuliweka kwenye simu, na kwa nyimbo za dakika 60 hilo linakuokolea bando kuliko kuzicheza mtandaoni kila mara. Chagua FLAC kama una nafasi, kwa sababu faili la aina hiyo hubanwa bila kupoteza chochote cha sauti. Nafasi ikiwa ndogo, MP3 ya kbps 320 inatosha kwa *Pink* na kwa *Heavy Rocks* zote tatu.